UZI: Kupima misitu ya Uganda pamoja na wafadhili – tufanyeje ili kipimo cha pili kiwezekane?

Mvule_Bunyoro

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa watu wa ploti (vipande vya msitu vinavyopimwa kama sampuli), watu wa ramani, na wale wanaojaza fomu zinazokwenda Roma kwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Bonn kwa Mkataba wa Tabianchi.

Tusiongee kana kwamba hakuna kilichofanyika. Utafiti wa Taifa wa Biomasi (uzito wa miti na uoto) ulianza 1989, Norwe wakiwa wafadhili wakubwa, ukatuachia madaraja 13 ya uoto na matumizi ya ardhi ambayo bado tunayatumia: msitu mnene wenye miti ya kutosha, msitu mnene uliopungua, misitu ya ukanda mkavu, vichaka, mashamba ya misonobari na mengineyo. Ramani za 1990, 2000, 2005, 2010 na 2015 zilifuata madaraja hayo. Ndizo zilizoonyesha misitu ikishuka kutoka asilimia 24 ya nchi kavu mwaka 1990 hadi asilimia 9 mwaka 2015. Kisha FAO, mpango wa UN-REDD wa Umoja wa Mataifa na mfuko wa kaboni ya misitu FCPF wa Benki ya Dunia wakaingia. Mwaka 2017 tukapeleka kiwango rejea cha uzalishaji wa hewa ukaa kutokana na misitu, yaani wastani wa nyuma wa kulinganishia, kikarekebishwa 2018 baada ya mapitio ya wataalamu wa Mkataba wa Tabianchi. Mwaka 2020 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kupeleka matokeo yake ya REDD+, mpango wa kupunguza hewa ukaa inayotokana na kupotea na kudhoofika kwa misitu.

Kwa hiyo uwezo upo. Shida ni kwamba mradi ukija unakuja na ploti zake, fomu zake na tafsiri yake ya neno "msitu". Ukiisha, ripoti nzuri inabaki, lakini anayetaka kurudi kwenye mti uleule baada ya miaka mitano hana pa kuanzia. Kipimo kimoja kinakwambia kuna kiasi gani. Msitu unakua, unapungua au unavunwa kupita kiasi? Hilo linajibiwa na kipimo cha pili tu, na bila jibu hilo mpango wa uvunaji ni kubahatisha.

Nauliza: mshirika wa nje akija kesho, tumwambie nini kuhusu tafsiri, ploti, ramani na data? Naomba majibu yenye namba.

---

PikseliKumi

Mkuu, anza na tafsiri, maana hapo ndipo namba zinapoachana kabla mtu hajagusa mti.

Tafsiri ya Uganda kwenye kiwango rejea: eneo lisilopungua hekta 1, mwavuli wa matawi usiopungua asilimia 30, miti inayofikia mita 4. Tafsiri ya FAO kwa tathmini ya dunia, ile inayotoka kila miaka mitano: hekta 0.5, asilimia 10, mita 5. Chukua eneo la Karamoja lenye mwavuli wa asilimia 15 na miti ya mita 6. Kwa FAO ni msitu, kwetu siyo. Mwandishi wa habari akiweka namba hizo mbili bega kwa bega anasema Uganda imedanganya, kumbe kila moja imejibu swali lake.

Halafu kuna ramani za dunia nzima za Chuo Kikuu cha Maryland, zilizotoka 2013 na zinazosasishwa kila mwaka. Zile zinapima mwavuli wa uoto unaozidi mita 5 ndani ya pikseli (kimraba kidogo kabisa cha picha) ya mita 30. Hazijui matumizi ya ardhi. Kitalu cha misonobari kikivunwa Mafuga au Lendu, kule kinahesabika kama msitu uliopotea. Kwa FAO, eneo lililovunwa na linalosubiri kupandwa tena bado ni msitu. Ndiyo maana wilaya yenye mashamba mengi ya miti inaweza kuonekana inaangamia wakati inavuna na kupanda kwa zamu.

Ushauri: kwenye fomu ya ploti usiandike "msitu" au "si msitu" peke yake. Andika asilimia ya mwavuli, urefu wa miti ya juu, ukubwa wa kipande chote cha uoto, na matumizi ya ardhi. Vitu hivyo vinne vikiwepo unaweza kutoa jibu kwa tafsiri yoyote, ya leo au itakayokuja 2035. Ukiandika daraja tu, umejifungia.

Pia, ramani ya 2017 ilitoa asilimia 12.4. Kabla ya kusema misitu imepanda kutoka 9, kaa chini ulinganishe picha zilizotumika, kanuni za kutafsiri na ukubwa wa kipande kidogo kinachokubalika. Hekta moja kwenye picha ya setilaiti ya Landsat ni pikseli 11 hivi. Kwenye ya setilaiti ya Sentinel-2 ni pikseli 100. Vijisitu vya kando ya mito na mikalatusi ya wakulima vinavyomezwa na picha ya kwanza vinaonekana kwenye ya pili.

---

KambaNaTepu

Naingia upande wa porini. Nitarefusha, maana makosa mengi yanayokuja kuitwa "tofauti ya kitaalamu" huko juu yanazaliwa hapa.

Ploti ya Utafiti wa Biomasi ni mraba wa mita 50 kwa 50, yaani robo hekta. Kila mti ndani yake unawakilisha miti 4 kwa hekta. Ukipanga mraba huo:

Kona ya kwanza ipatikane kwa GPS, lakini chini ya mwavuli mnene wa misitu ya Budongo au Kalinzu GPS ya mkononi inaweza kukosea mita 10 na zaidi. Iache ikae palepale dakika kadhaa ikichukua wastani. Ukishaweka kigingi, kigingi ndicho ukweli. Usikihamishe ili kifuate GPS.

Kwa ploti ya kudumu, pigilia nondo ya milimita 12, urefu kama sentimita 50, ibaki sentimita chache tu juu ya ardhi au ifukiwe kabisa. Miaka mitano baadaye kifaa cha kutafutia chuma kitaiona hata majani yakiwa yamefunika. Chagua miti mitatu imara iliyo karibu, andika spishi, kipenyo, uelekeo wa dira na umbali wake hadi kwenye nondo. Hiyo miti mitatu ina thamani kuliko GPS ya bei yoyote.

Dira iwe mbali na panga, simu na hiyo nondo yenyewe. Kundi likifungua mraba huku mwenye dira ana panga kiunoni, kona ya nne haifungi. Namna ya kujua: pima mshazari. Kwenye mraba wa mita 50 unapaswa kuwa mita 70.71. Mishazari miwili ikitofautiana kwa mita 2, rudia.

Mteremko. Eneo la ploti linahesabiwa kwa ulalo, kama kwenye ramani. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 50 za ulalo ni mita 53.2 ukipima juu ya ardhi. Watu wa Mabira hawalihisi sana hili, lakini milimani, Echuya, Rwenzori na Elgon, likisahaulika linaharibu hekta nzima. Ploti ya duara ya mita 15 ikipigwa bila marekebisho kwenye mteremko wa nyuzi 30 inapoteza asilimia 13 ya eneo lake, na hakuna programu itakayoligundua ofisini.

Kipenyo kinapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kata fimbo ya mita 1.3 uende nayo. Kukadiria kwa kifua hakufai, watu hawalingani urefu. Mti ulioinama unapimwa kwa kufuata shina, tepu ikizunguka shina kwa pembe mraba. Ukigawanyika chini ya mita 1.3 ni mashina mawili. Juu ya hapo ni moja. Mizizi mipana inayopanda shinani, kama ya Cynometra alexandri: panda hadi sentimita 30 juu ya pale inapoishia na uandike urefu halisi uliopimia. Usipouandika, mpimaji wa pili atapima mita 1.3 juu ya mizizi ile, na mti utaonekana umenenepa sentimita 40 kwa miaka mitano. Mtambaa uliokumbatia shina usikatwe. Ingiza tepu chini yake.

Kibati cha namba kiwekwe kwa msumari wa alumini, sentimita 30 juu ya mahali pa kupimia, yaani mita 1.6. Ukiupiga pale pale pa kupimia, shina linavimba na unapima uvimbe. Acha sehemu ya msumari nje, la sivyo mti unameza kibati.

Mpangilio wa timu: kiongozi mwenye fomu, wawili wa tepu na kamba, mmoja anayejua miti kwa majina ya wenyeji na ya kisayansi, na mmoja wa eneo hilo anayejua njia na wenye ardhi. Huyu wa miti ndiye adimu. Mshirika wa nje akinunua magari mawili asisahau kulipia mafunzo ya watambuzi wa miti. Fomu iliyojaa "haijulikani" haikupi msongamano wa mbao (uzito wake kwa ujazo), na bila msongamano hesabu ya kaboni ni ya kukisia.

---

Mwanafunzi_Masindi

Shikamooni wakubwa. Nina swali moja kwa KambaNaTepu. Ramani za karatasi za 1:50,000 tunazofundishiwa zinatupeleka mahali pengine kabisa tukilinganisha na simu. Tatizo ni ramani au simu?

---

KambaNaTepu

Marahaba. Vyote viwili viko sawa, ila havizungumzii dunia moja. Ramani hizo za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kuratibu wa Arc 1960, simu inatumia mfumo wa WGS84. Hapa kwetu tofauti inakaribia mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, na kidogo mashariki au magharibi. Ukinakili namba za karatasi ukaziingiza kwenye GPS bila kubadili mfumo, unaweza kupima ploti ya shamba la mahindi na kuiandika kuwa msitu.

Tahadhari nyingine: nchi yetu iko pande zote mbili za ikweta na inakatwa na longitudo 30, kwa hiyo kuna kanda nne za UTM (kuratibu zinazoandikwa kwa mita): 35 na 36, kaskazini na kusini. Budongo ni 36 kaskazini. Kalinzu iko kusini ya ikweta. Kwa kanda za kusini namba ya kaskazini huanza na milioni 10 kwenye ikweta. Kwenye faili moja lenye ploti za nchi nzima, hifadhi latitudo na longitudo kwa desimali za WGS84 basi. UTM iwe ya kazi za porini.

---

Mpingo_Moro

Jirani kutoka Tanzania, naomba niongeze. Sisi tulifanya tathmini ya taifa inayoitwa NAFORMA, kati ya 2009 na 2014, Finland wakifadhili na FAO wakitoa utaalamu. Ilitoa hekta milioni 48.1 za misitu, kama asilimia 55 ya Tanzania bara. Niwaeleze muundo wa ploti, kwa sababu unatofautiana na mraba wenu.

Ploti ni duara ndani ya duara. Mita 1 kutoka katikati unapima vijiti kuanzia kipenyo cha sentimita 1. Mita 5, kuanzia sentimita 5. Mita 10, kuanzia sentimita 10. Mita 15, kuanzia sentimita 20. Faida ni kwamba hupotezi nusu siku kuhesabu fito mia tatu, na miti mikubwa yenye uzito inapata eneo kubwa. Ploti zinakaa kwa vishada, ili timu ikishafika mbali ipime kadhaa kwa safari moja.

Hatari yake iko kwenye kuzidisha. Duara la mita 15 lina mita za mraba 706.9, kila mti unawakilisha 14.15 kwa hekta. La mita 10, miti 31.8. La mita 5, miti 127.3. Mti wa sentimita 19.8 ulioko mita 12 haupimwi kabisa. Mpimaji akiuzungusha kuwa 20 "kwa sababu ni mzuri", amejiongezea miti 14 kwa hekta. Mti ulioko mpakani hupimwa hadi katikati ya shina, si ukingo wa gome.

Mimi siwashauri mwige duara letu. Mna ploti za mraba zenye historia ya miaka zaidi ya thelathini. Mkibadili umbo leo, mmeua kipimo cha pili cha kila ploti ya zamani. Mshirika akisisitiza muundo wake, mwambieni aweke duara lake katikati ya mraba ule ule, nondo moja, apime vyote kwa mzunguko mmoja. Hapo mtapata daraja la kuunganisha data mbili.

---

Acholi_Yaa

Hilo la Mpingo_Moro naliunga mkono kwa mikono miwili. Sasa upande wa kaskazini, ambako msitu hauondoki kwa trekta. Unapunguzwa matawi, unachomwa mkaa, unachipua tena.

Kiwango rejea chetu kilihesabu upotevu wa misitu peke yake. Msitu unaodhoofika bila kuvuka mstari wa asilimia 30 haumo. Wilayani Amuru au Lamwo, mwavuli unaweza kushuka kutoka asilimia 60 hadi 35, nusu ya uzito imeondoka kwa lori la magunia, na ramani bado inasema "msitu". Hapo setilaiti ya mita 30 haikusaidii. Ploti ya kudumu ndiyo inayosema.

Kwenye fomu za ukanda mkavu ongezeni safu tatu: visiki (kipenyo cha kisiki, urefu wake, kibichi au kikavu), idadi ya machipukizi kwa kila kisiki, na dalili za tanuri la mkaa. Mti wa Combretum unachipua mashina sita kutoka kisiki kimoja. Kila shina linalofikia kima cha chini cha kipenyo kinachopimwa linapimwa peke yake, lakini yote yapewe namba moja ya mti na herufi A, B, C. Usipofanya hivyo idadi ya miti kwa hekta inapaa, na mtu wa Kampala anaandika kwamba msitu umestawi.

Sasa hesabu, ili watu waone kosa lina bei gani. Mlinganyo wa Chave na wenzake wa 2014: uzito mkavu wa juu ya ardhi kwa kilo = 0.0673 × (msongamano × kipenyo² × urefu) yote kwa kipeo cha 0.976. Mti wa sentimita 40, urefu mita 25, msongamano 0.6 unatoa kilo 1,268 hivi. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, kilo 596. Zidisha kwa 44 ugawe kwa 12, ni kilo 2,185 za hewa ukaa.

Kipenyo kikisomwa 42 badala ya 40, uzito unaruka hadi kilo 1,395, asilimia 10 zaidi. Urefu ukikadiriwa mita 20 badala ya 25, unashuka hadi 1,020, karibu asilimia 20 chini. Msongamano ukichukuliwa wa spishi nyingine, kosa linaingia karibu lote kama lilivyo. Haya yote yanazidishwa kwa maelfu ya hekta, halafu watu wanagombana kuhusu programu gani ya kompyuta ni bora!

Urefu upimwe ukiwa umbali unaokaribia urefu wa mti wenyewe, ukiona ncha na shina kwa wakati mmoja. Ukisimama chini ya mti wa mita 35 unapima tawi la pembeni, si ncha. Kipima urefu kinachotumia mawimbi ya sauti kinahitaji kukaa nje dakika kumi kizoee joto, kisha kukaguliwa kwa tepu ya mita 10, kwa sababu kasi ya sauti hubadilika na joto. Asubuhi na mchana, ukague mara mbili.

---

Mvule_Bunyoro

Hapa sasa uzi umenoga. Kuna mtu kaniandikia pembeni akiuliza: kwa hifadhi moja, ploti ngapi zinatosha?

---

PikseliKumi

Inategemea msitu unavyotofautiana ndani yake na kosa unalokubali. Kanuni ya haraka: chukua tofauti kati ya ploti na ploti (kwa asilimia ya wastani), igawanye kwa kosa unalokubali (kwa asilimia), zidisha kwa 2, kisha ipandishe kwa kipeo cha pili. Tofauti ikiwa asilimia 60 na unataka kosa la asilimia 10, ni 60 gawanya kwa 10, mara 2, ni 12. Kipeo cha pili 144. Ukiridhika na asilimia 20, ni ploti 36. Tofauti uipate kwa kupima ploti 15 au 20 za majaribio kwanza.

Sasa niingie kwenye ramani, kwa sababu hapa ndipo washirika wengi wanatupita kwa kasi. Kuhesabu pikseli za rangi nyekundu na kuandika "hekta zilizopotea" hakukubaliki tena kwenye mapitio ya kimataifa. Miongozo ya GFOI (mpango wa kimataifa wa ufuatiliaji wa misitu), na makala ya Olofsson na wenzake ya 2014, inataka ramani igawe matabaka, kisha eneo likadiriwe kwa nukta za sampuli zilizosomwa na binadamu kwenye picha za kina.

Mfano wa kubuni, mfuatilie. Ramani ina hekta milioni 1. Ramani inasema 20,000 zimepotea, 980,000 zimebaki kama zilivyokuwa. Unatupa nukta 100 kwenye tabaka la upotevu, 80 zinathibitika. Unatupa 400 kwenye tabaka lililobaki. 4 zinaonekana zimekatwa. Makadirio: 20,000 × 0.80 ni 16,000. 980,000 × 0.01 ni 9,800. Jumla hekta 25,800, si 20,000. Na kosa lake kwa uhakika wa asilimia 95 ni karibu hekta 9,700 juu au chini.

Angalia kosa hilo linatoka wapi. Karibu lote linatoka kwenye zile nukta 4. Nukta moja tu kwenye tabaka kubwa inabeba hekta 2,450. Msomaji wa picha akichoka saa kumi jioni akakosea nukta mbili, amehamisha karibu hekta 5,000. Dawa zake: tenga tabaka la tatu la ukingo wa msitu, mita 60 hadi 100 kuzunguka upotevu, maana makosa mengi yamejificha hapo, kila nukta isomwe na watu wawili wasioonana, zinazotofautiana zikae mezani na mtu wa tatu. Programu za Collect Earth na SEPAL za FAO zinafanya kazi hii bila malipo ya leseni.

Kuhusu mawingu: Rwenzori, Elgon na Visiwa vya Ssese picha safi ya mwaka mmoja ni bahati. Na ukitazama Landsat 7 baada ya Mei 2003 utaona mistari mitupu, kifaa chake kiliharibika. Kwa hiyo tumia rada pale macho yanaposhindwa. Japani kupitia JICA na JAXA, mashirika yao ya maendeleo na ya anga, wana mfumo wa JJ-FAST, unaotumia setilaiti ya ALOS-2 kutoa tahadhari kila mwezi na nusu hivi. Lakini tahadhari ni ya kumtuma askari wa msitu akaangalie. Usiijumlishe ukaita takwimu za taifa.

---

Daftari_Entebbe

Nimekaa kimya nikisoma. Mimi upande wangu ni utunzaji wa data na makubaliano, na naliona pengo hapo.

Misitu yetu ina wenyewe watatu au wanne. NFA (Mamlaka ya Taifa ya Misitu) wana hifadhi kuu 506. UWA (Mamlaka ya Wanyamapori) wana iliyo ndani ya hifadhi za taifa kama Kibale na Bwindi. Wilaya wana hifadhi zao ndogo. Iliyobaki ni ya watu binafsi na jamii, na huko ndiko upotevu ulikokuwa mkubwa zaidi. Mshirika akisaini na mmoja tu, gridi ya ploti inakuwa na mashimo. Kibali cha kuingia UWA kichukuliwe mapema. Mwenye ardhi binafsi aelezwe kwa lugha yake kwamba nondo si alama ya kumnyang'anya shamba. Asipoelezwa, nondo itang'olewa usiku huo huo, na ana haki ya kuogopa.

Kwenye makubaliano dai haya yaandikwe, si kuahidiwa mdomoni:

Data ghafi, yaani kila mti na kila kipimo, ikabidhiwe ndani ya siku zilizotajwa, kwa CSV (faili la jedwali linalosomeka na kompyuta), si PDF ya majedwali. Mlinganyo uliotumika, msongamano wa kila spishi na namna kosa lilivyokokotolewa viambatane kama hati, ili mtu mwingine arudie hesabu apate jibu lile lile. Mwongozo wa porini wenye tarehe na namba ya toleo uwe sehemu ya data. Asilimia 10 ya ploti zipimwe upya na timu nyingine ambayo haijaona fomu za kwanza, na malipo yake yawe kwenye bajeti tangu mwanzo. Na bajeti ya kipimo cha pili itajwe: nani analipa, mwaka gani.

Mahali kamili pa ploti pasitangazwe hadharani. Mwenye hifadhi akijua ploti iko wapi ataitunza kuliko msitu wenyewe, na ploti ikitunzwa peke yake haiwakilishi tena chochote. Kwa mshirika wa nje toa kuratibu zilizosogezwa, au mwache ahesabu ndani ya mfumo wetu.

Vifaa: programu ya Collect Mobile kwenye simu za Android inatosha. Weka mipaka kwenye fomu tangu mwanzo: kipenyo zaidi ya sentimita 200 kiombe uthibitisho, urefu zaidi ya mita 60 vilevile. Kwa kipimo cha pili pakia kipenyo cha zamani ndani ya fomu, lakini kionekane baada ya mpimaji kuingiza kipya. Akikiona kabla, atakisogelea. Nakala ihifadhiwe kila jioni kwenye kadi nyingine, na fomu za karatasi ziwepo, kwa sababu betri za huko ndani hazina ahadi.

---

Mwanafunzi_Masindi

Asanteni sana. La mwisho: vibati vya alumini vinaibwa au nyani wanaving'oa. Vikipotea vyote kwenye ploti ya kudumu, kipimo cha pili kimekufa?

---

KambaNaTepu

Hakijafa, kama mpimaji wa kwanza aliandika mahali pa kila mti. Kwenye mraba, kila mti uwe na namba mbili: mita ngapi kutoka kona ya kusini-magharibi kuelekea mashariki, na ngapi kuelekea kaskazini, kwa usahihi wa nusu mita. Kwenye duara, uelekeo wa dira na umbali kutoka katikati. Chapa mchoro wa ploti kabla ya kuondoka ofisini, kila mti na spishi yake na kipenyo chake. Ukiipata nondo, anza na miti mitano mikubwa; ikikaa mahali pake kwenye mchoro, mingine utaitambua kwa spishi na ukubwa. Mti usiouona, tafuta kisiki au shimo, uandike "umekatwa", "umekufa ukiwa wima" au "umeanguka". Usiache nafasi tupu, kwa sababu ofisini nafasi tupu husomeka kama mti uliosahauliwa. Kisha upige vibati vipya kwa namba zile zile za zamani. Miti mipya iliyofikia kima cha chini ipewe namba zinazoendelea kutoka ya mwisho, na usimpe mti mwingine namba ya mti uliokufa.

Na rangi ya mafuta: mstari mwembamba kuzunguka shina pale pale ulipopimia. Tumia rangi isiyong'aa sana karibu na njia za watu.